Kila silinda na kilango chake: Kazi ngumu katika injini za tabo

MJI wa Wamunyu, ulio kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, ulijipatia sifa kwa vinyago. Tangu Mutisya Munge aliporejea kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga mbao, vizazi kadhaa vya wakazi wa eneo hilo vimeishi kwa tezo na patasi. Lakini anayeiacha lami hapo na kushika njia zinazoteremka kuelekea Mto Athi hukutana na kitu kingine ambacho Ukambani inacho kwa wingi, nacho ni barabara za vumbi laini na mchanga, zenye joto la mchana na makorongo yanayojaa maji ghafla mvua inaponyesha. Ni barabara za aina hiyo ambazo kwa miongo mingi zimekuwa mtihani wa magari ya mashindano nchini Kenya.

Katika mazingira kama hayo, swali linalopendwa sana na wenye magari ya kasi hupata jibu lisilo na upendeleo. Je, inafaa kuondoa kilango kimoja cha hewa kilichowekwa na kiwanda katika injini yenye tabo, na kufunga mahali pake vilango vinne au sita, kila silinda na chake?

Swali hilo si la kipuuzi. Kiwanda kimoja kikubwa cha Japani kiliwahi kulijibu kwa kuunda gari zima, na gari hilo likaanza maisha yake ya mashindano ya dunia humu humu nchini, katika Safari Rally ya 1991.

Kazi ya kilango

Kilango cha hewa, ambacho mafundi wengi hukiita throto, ni bomba fupi lenye kibati cha mviringo ndani yake. Dereva anapokanyaga mafuta katika gari la petroli la kisasa, haongezi petroli moja kwa moja kama wengi wanavyodhani. Anafungua kibati hicho. Hewa huingia kwa wingi, kompyuta ya injini huikadiria, kisha huamuru nozeli zinyunyize petroli inayolingana nayo.

Magari mengi yana kilango kimoja tu. Hewa ikishakipita huingia katika chemba, na kutoka hapo hugawanywa kwa mabomba mpaka kwenye kila silinda. Udhaifu wa mpango huo ni nafasi iliyopo kati ya kibati na silinda. Dereva akifungua, sharti chemba na mabomba yote yajae kwanza ndipo silinda zipate hewa kamili. Ni muda mfupi mno, ila dereva wa mashindano anayetoka kwenye kona huuhisi mguuni.

Kila silinda ikipewa kilango chake, kikakaa karibu kabisa na vali za kuingizia hewa, nafasi hiyo karibu itoweke. Injini huitikia mguu papo hapo. Jambo hili lilijulikana tangu enzi za kabureta: injini ya silinda nne iliyofungwa kabureta mbili za Weber, kila moja ikiwa na midomo miwili, ilikuwa tayari na kilango kwa kila silinda. Tena mapigo ya hewa ya silinda moja hayaivurugi jirani yake, na kwa hivyo mhandisi anaweza kutumia kamshafti kali zaidi bila injini kutetemeka ovyo gari linaposimama.

Hayo yote ni kweli kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Inapoingia tabo, hesabu hubadilika.

Tabo ni feni mbili juu ya mhimili mmoja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika ekzosi. Ya pili, inayoitwa kompresa, huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa inayoshindiliwa hupata joto, na ndiyo sababu hupitishwa katika kipoza hewa, chombo kinachofanana na rejeta, kabla ya kufika kwenye kilango. Kwa mpango huo, nguvu ya juu kabisa ya injini hutegemea ukubwa wa kompresa, ubora wa kipoza hewa, wingi wa petroli na uimara wa pistoni. Idadi ya vilango haimo katika orodha hiyo. Kilango kimoja chenye upana wa kutosha hupitisha hewa yote ambayo tabo inaweza kuisukuma.

Faida ya vilango vingi katika injini ya tabo basi ni moja: wepesi wa kuitikia. Dereva anapoachia mafuta kabla ya kona, vibati hufungwa karibu na vali, na chemba iliyo nyuma yake pamoja na kipoza hewa hubaki na hewa yenye shinikizo. Akifungua tena, hewa iko mlangoni inangoja, kama maji yaliyo mtungini jikoni badala ya kisimani. Hata hivyo, mtungi huo ni mdogo. Ukishamalizika, injini hungoja feni ya tabo ishike kasi kama kawaida. Anayetarajia vilango vinne vimwondolee ule mngojeo wa tabo atakuwa ametibu kidole ilhali ugonjwa uko begani.

Nissan na Safari ya 1991

Nissan, kwa jina lake la zamani la Datsun, iliijua Safari kuliko viwanda vingi. Edgar Herrmann aliishindia mwaka 1970 na 1971, naye Shekhar Mehta akanyakua ushindi mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Magari hayo yote hayakuwa na tabo. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo, na tangu hapo ikawa wazi kwamba injini inayovuta hewa yenyewe ilikuwa inapoteza nafasi yake.

Kanuni za Kundi A, zilizotawala mashindano ya dunia kuanzia 1987, zilitaka kiwanda kitengeneze magari 5,000 ya kuuzia wateja kabla ya kuruhusiwa kushindana na gari la aina hiyo. Sehemu nyingi za gari la mashindano zilipaswa kuwa zile zile zilizomo katika gari la dukani. Kwa hivyo wahandisi wakitaka kitu, iliwabidi wamuuzie pia mwalimu na karani. Nissan ikatoa Pulsar GTI-R mwaka 1990: gari dogo linaloendeshwa na magurudumu yote manne, injini ya lita 2 yenye tabo, na vilango vinne, kila silinda na chake.

Kipoza hewa cha gari hilo kililazwa juu ya injini, chini ya boneti yenye tundu kubwa la kuingizia upepo. Katika karatasi ilikuwa hesabu nzuri, kwa sababu mabomba yalikuwa mafupi na hewa haikuwa na safari ndefu. Lakini injini iliyo chini yake ni jiko. Gari likienda polepole kwenye mchanga au kupanda mlima nyuma ya vumbi la gari jingine, upepo unaoingia tunduni hupungua, na joto la injini hupanda moja kwa moja kwenye chombo ambacho kazi yake ni kupoza.

Katika Safari ya 1991 Stig Blomqvist wa Uswidi alimaliza wa 5 kwa gari hilo. Ushindi ulimwendea Juha Kankkunen wa Ufini katika Lancia Delta. Kwa gari linaloshiriki kwa mara ya kwanza, kumaliza Safari haikuwa aibu. Lakini matokeo bora zaidi ya GTI-R katika mashindano ya dunia yalipatikana mwaka uliofuata, Blomqvist alipomaliza wa 3 nchini Uswidi, penye theluji. Mwisho wa 1992 Nissan ilijitoa. Sababu za gari hilo kutofua dafu zilikuwa kadhaa, ila inayotajwa mara nyingi ni joto la hewa inayoingia katika injini. Vilango vinne vilifanya kazi yake. Havikuweza kuifanya kazi ya kipoza hewa.

Ndugu yake mkubwa, Nissan Skyline GT-R iliyoanza kuuzwa 1989, ilikuwa na tabo mbili na vilango sita katika injini ya lita 2.6, nayo ilitamba. Ilishinda mbio za Bathurst nchini Australia mwaka 1991 na 1992. Tofauti ni kwamba hayo yalikuwa mashindano ya lami, ambako upepo hupita kwenye vipoza hewa kwa kasi muda wote na vumbi si tatizo. Hata hivyo, wengi waliozigeuza injini hizo baadaye kutafuta nguvu kubwa kabisa waliviondoa vilango sita vya kiwanda na kuweka kimoja kipana.

Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa ndizo gari za madereva wengi wa Kenya katika mashindano ya kitaifa, yakiwemo yale ya Machakos, hutoka kiwandani na kilango kimoja.

Namna kazi inavyofanywa

Anayeamua kuendelea hukutana kwanza na swali la vilango vyenyewe. Kuna seti zinazouzwa zikiwa kamili, na kuna vile vinavyotolewa kwenye pikipiki kubwa za Kijapani za silinda nne, ambavyo ni bei nafuu zaidi. Vya pikipiki vina kasoro mbili. Nafasi kati ya kilango na kilango hailingani na nafasi kati ya silinda za injini ya gari, hivyo hulazimu kuvitenganisha na kutengeneza mhimili mpya. La pili ni kubwa zaidi: viliundwa kwa hewa isiyo na shinikizo. Mhimili wa kibati hupita katika matundu mawili ubavuni, na hewa ikishindiliwa kutoka ndani hutafuta njia hapo. Fundi makini huziba mdomo mmoja wa kilango, huingiza hewa ya kompresa ya gereji upande wa pili, kisha hupaka maji ya sabuni. Mapovu yakitokea kwenye mhimili, kilango hicho hakifai mpaka kiwekewe sili nyingine.

Kisha kuna manifoldi, kipande kinachounganisha vilango na kichwa cha injini. Wengine hukitengeneza kwa kukata bamba nene la alumini na kuchomelea mabomba mafupi. Wengine hukisubu, yaani kuyeyusha alumini na kuimimina katika kalibu ya mchanga, na kalibu hiyo huanza na kielelezo cha mbao kilichochongwa kwa vipimo kamili, kikubwa kidogo kuliko kipande kinachotakiwa kwa kuwa alumini hunywea inapopoa. Ni kazi ambayo mkono wa mchongaji wa Wamunyu usingeiona ngeni, japo mteja wake hapa hupima kwa sehemu za milimita badala ya jicho. Mpira na klipu, ambavyo hutumika kushika vilango katika pikipiki, havifai katika injini ya tabo. Shinikizo likipanda huvirusha.

Juu ya vilango lazima liwepo sanduku la kukusanya hewa inayotoka kwenye kipoza hewa. Katika injini ya kawaida ya mashindano, vilango huachwa wazi na kuwekewa tarumbeta tu, na wengi hupenda kuzipiga picha. Katika injini ya tabo sanduku ni la lazima, na ni chombo cha shinikizo. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Ubavu wa sanduku wenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 300. Tabo ikishindilia kwa ba 1 juu ya hewa ya kawaida, ubavu huo husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 300. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90 yaliyorundikwa juu ya bati moja. Sanduku la bati jembamba lililo bapa huvimba, weldi hupasuka, na likipasuka katikati ya mwendo injini hupoteza nguvu ghafla. Ndiyo maana masanduku mazuri huwa na umbo la mviringo na kuta nene.

Sasa huja sehemu inayochukua saa nyingi na isiyoonekana na mtu. Vibati vyote vinne sharti vifunguke sawasawa. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mwanya unaopitisha hewa kwenye kila kibati ni mwembamba kama wembe, na tofauti ndogo tu kati ya kimoja na kingine humaanisha silinda moja inapata hewa nyingi kuliko mwenzake. Fundi huunganisha geji ya kupima mvuto kwenye kila bomba na kuzungusha skrubu moja baada ya nyingine mpaka zote zisome sawa. Akimaliza, injini ikipata moto na alumini ikatanuka, hurudia.

Kompyuta na mwinuko wa nchi

Kompyuta nyingi za injini hukadiria hewa kwa kusoma shinikizo lililomo ndani ya chemba. Vilango vikiwa vingi, shinikizo katika kila bomba fupi hurukaruka kwa kila pigo la pistoni, na kihisi hupeleka habari za vurugu. Mafundi huunganisha mabomba yote kwa vijipaipu vyembamba hadi kwenye kichupa kidogo, na kihisi husoma humo. Hupunguza tatizo, haimalizi.

Njia nyingine ni kuiamuru kompyuta isome pembe ya kibati: kikifunguka kiasi fulani kwa mzunguko fulani wa injini, nyunyiza petroli kiasi fulani. Kwa injini isiyo na tabo njia hii hutosha. Kwa injini ya tabo ni mtego, kwa kuwa pembe ile ile ya kibati inaweza kupitisha hewa kidogo tabo ikiwa imelala, na hewa maradufu tabo ikiwa imeamka. Lazima kompyuta isome vyote viwili, pembe na shinikizo, na atakayeipanga lazima awe na subira ya kujaza majedwali mawili badala ya moja. Magari yanayopima hewa kabla haijaingia kwenye tabo, kama ilivyokuwa Skyline, huepuka sehemu kubwa ya adha hii, mradi hewa yote iliyopimwa iingie kweli katika injini.

Kenya huongeza ugumu wake. Nairobi na mji wa Machakos ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini iliyopangwa Machakos kwa kufuata pembe ya kibati peke yake, ikiteremshwa pwani bila kompyuta kuarifiwa kuhusu shinikizo la hewa ya nje, itapata hewa nyingi kwa petroli ile ile. Mchanganyiko huwa mkavu. Injini huanza kugonga, na injini ya tabo inayogonga ikiwa na mzigo huweza kutoboa pistoni katika muda wa dakika chache. Hata safari ya kutoka vilima vya Machakos kushuka mpaka bonde la Athi, chini ya Wamunyu, ni mabadiliko ambayo kompyuta inapaswa kuyatambua.

Mwinuko pia huitesa tabo. Ili kuipa injini ya nyanda za juu hewa sawa na ya pwani, kompresa lazima ishindilie zaidi, na kadiri inavyoshindilia ndivyo hewa inavyopata moto. Hewa ya nyuzi 27 ikishindiliwa mpaka shinikizo lake likawa maradufu hutoka kwenye kompresa ya kawaida ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Kila nyuzi 10 ambazo kipoza hewa kinashindwa kuziondoa ni upungufu wa asilimia 3 hivi ya hewa inayoingia katika silinda. Hapo ndipo fedha za vilango zingeweza kununua kitu chenye manufaa zaidi.

Breki na vumbi

Kuna hatari mbili ambazo hazipewi uzito unaostahili.

Ya kwanza ni breki. Pedali ya breki katika magari mengi huwa nyepesi kwa sababu ya busta, mtungi unaotumia ombwe linalotoka kwenye manifoldi, ambalo mafundi huliita vakyumu. Kilango kimoja huzalisha ombwe tulivu na la kutosha katika chemba kubwa. Vilango vinne huzalisha ombwe la kurukaruka katika mabomba manne madogo, na fundi akiunganisha busta kwenye bomba moja tu, dereva anaweza kukanyaga breki mara mbili mteremkoni na kuikuta ya tatu imekuwa ngumu kama jiwe. Dawa yake inajulikana: kuunganisha mabomba yote manne, kuweka mtungi wa akiba, na vali ya njia moja inayozuia shinikizo la tabo lisirudi kwenye busta. Ni vifaa vya bei ndogo. Havipaswi kusahauliwa wala kuachwa mpaka mwezi ujao.

Ya pili ni vumbi. Kichujio cha hewa hukaa kabla ya tabo, na watu hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kiko salama kwa kuwa hewa ya tabo husukuma kwenda nje. Ni kweli wakati wa kukanyaga mafuta. Lakini dereva anapoachia mafuta, sehemu iliyo kati ya kibati na silinda hugeuka ombwe, na kila penye mwanya huvuta hewa ya nje isiyochujwa. Vilango vinne vina mihimili yenye ncha nyingi, gasketi nyingi na viungo vingi vya vijipaipu kuliko kilango kimoja. Sili zikilika kidogo, kila kona ya barabara ya vumbi huwa ni kijiko cha mchanga laini kinachopelekwa moja kwa moja kwenye kuta za silinda. Vumbi hilo likichanganyika na mvuke wa oili hugeuka msasa. Injini haifi siku hiyo. Huanza kula oili baada ya miezi kadhaa, na mwenye gari humlaumu aliyemuuzia pistoni.

Vumbi hilo hilo likikusanyika kwenye mhimili huweza kukifanya kibati kimoja kikwame kikiwa wazi. Kibati kimoja kati ya vinne kinatosha kuifanya injini iendelee kuvuta ilhali mguu umeondoka. Kwa hiyo kila mhimili unahitaji springi yake ya kurudisha, na springi hiyo iweze kuvifunga vibati hata waya wa mafuta ukikatika.

Pete ya milimita 34

Kwa anayeshindana chini ya kanuni za kimataifa kuna hoja moja zaidi, nayo huenda ikamaliza mjadala kabla haujaanza. Magari ya tabo hulazimishwa kuvuta hewa yake yote kupitia pete ya kubana iliyofungwa kabla ya kompresa. Katika mashindano ya dunia, pete hiyo iliwekwa kuwa na kipenyo cha milimita 34 kuanzia 1995. Tundu la milimita 34 lina eneo la milimita za mraba 908 hivi. Kilango kimoja cha milimita 65 kina 3,318. Vilango vinne vya milimita 45 vina jumla ya 6,362, yaani mara saba ya tundu ambalo hewa yenyewe imepitia. Ni sawa na kupanua malango ya uwanja ilhali barabara inayofika hapo ni ya baiskeli.

Timu kubwa za miaka ya 1990 zilitafuta wepesi wa kuitikia kwa njia nyingine: ziliiacha injini ipitishe hewa na petroli kidogo hadi kwenye ekzosi dereva anapoachia mafuta, vikawaka humo na kuifanya feni ya tabo iendelee kuzunguka. Ndiyo milio ya risasi ambayo watazamaji wa Safari waliizoea. Njia hiyo nayo hula tabo na kupasua manifoldi za ekzosi, lakini huushughulikia mngojeo wenyewe, si dalili yake.

Wanaobaki na sababu ya kweli ya kufunga vilango vingi ni wachache: mwenye gari la mbio za lami lisilobanwa na pete, mwenye injini ambayo kiwanda chenyewe kiliipa vilango hivyo, na fundi anayetaka kujifunza na mwenye injini ya akiba. Kwa wengine, kipoza hewa kikubwa kilichowekwa mbele ya rejeta ambako upepo hufika, tabo ndogo inayoamka mapema, na mabomba yasiyovuja hutoa sehemu kubwa ya wepesi ule ule kwa kazi ndogo zaidi.

Na kwa aliyekwisha funga, kuna kipimo kisichohitaji kompyuta. Baada ya kilomita chache za kwanza za barabara ya vumbi, injini ikiwa imezimwa na kupoa, huondoa sanduku la hewa, hufungua vibati kwa kidole, na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya kila bomba, upande wa silinda. Kitambaa kikitoka na oili kidogo si neno. Kikitoka na rangi nyekundu ya udongo, gari halipaswi kuwashwa tena mpaka mwanya upatikane.